Gile Iliyoonja Risasi

Nilipewa ile sahani siku ya tatu ya kilio cha Mzee Ramazani, pale Mulongwe, nyuma ya atelie yake, wanawake tukiwa tumekaa kwenye mikeka na wanaume wako uani wanasubiri chai. Binti yake alinipakatisha kitu kilichofungwa katika kipande cha kanzu kuukuu, akaniambia, "Mama Kashindi, baba alisema hiki ni chako. Kilikaa chini ya cherehani yake miaka yote na alikataza tusikitupe." Sikuhitaji kukifungua. Nilikijua kwa uzito wake mapajani, na nilipokisogeza kikalia ndani, kwa sauti ya vigae kwenye mfuko, na sauti ile ningeijua hata usingizini. Mwanamke mzima, mwenye mjukuu, nimekaa kwenye kilio cha watu nimekumbatia kipande cha gile ya kuzuia risasi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na machozi yaliyonitoka, Mungu anisamehe, hayakuwa ya Mzee Ramazani.

Watu wa hapa wakisema "mwaka ule wa vita" huwa nawauliza upi, maana Uvira haijawahi kukosa vita vya kuchagua. Mwaka ninaousema mimi ni ule nilioolewa, nikapata mimba, nikafiwa na mume, yote kabla mvua za pili hazijaisha. Asubuhi nilikuwa kwa Mzee Ramazani, najifunza ushonaji. Atelie yake ilikuwa chumba kimoja chenye kuta za buluu zilizobabuka, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na pasi ya makaa iliyotoa moshi hadi macho yakawasha. Mzee alitoka katika zile familia za Waislamu zilizofika na biashara ya ziwa tangu enzi za mababu, na hakuacha kutukumbusha kwamba babu zake walishona kanzu hapa Uvira kabla barabara haijajua njia ya kufika. Mikono yake ilikuwa bado mizuri lakini macho yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano na kuzichomeka safu nzima kwenye mto mdogo. "Faida, binti yangu," alikuwa akiniambia, "sindano bila uzi ni mwiba tu." Nilimpenda yule mzee. Hata leo, nikishika sindano, mdomo wangu unajikunja kama wake.

Mume wangu, Kashindi, ambaye watu hadi leo wananiita kwa jina lake, alikuwa shoferi wa shirika moja lililopeleka dawa kwenye vituo vya afya vya uwanda wa Ruzizi. Njia yake ilikuwa moja: Runingu, Luberizi, Katogota, hadi Bukavu, halafu kurudi. Siku hizo njia ile ililiwa na watu wenye bunduki, leo hawa, kesho wale, na mashoferi walipigwa risasi wakiwa wameshika usukani. Shirika likaleta magile mapya ya kuzuia risasi. Yale ya zamani yalikuwa na bamba za chuma, mtu akivaa hawezi hata kugeuza shingo, na Kashindi alikuwa akirudi mabega yamevimba, namkanda kwa maji ya moto. Haya mapya yalikuwa mepesi. Mashoferi walifurahi kama watoto wa Noeli. Ila vifuniko vyake vya kitambaa vilikuwa vimeshonwa kwa ajili ya watu wenye vifua vya ng'ombe, vikawa vinaning'inia, ndipo lojistisien wa shirika, msimamizi wa vifaa, mtu mrefu wa Bukavu mwenye sauti ya padri, akayaleta kwa Mzee Ramazani yapunguzwe.

Nakumbuka vizuri siku ile kwa sababu ya chai. Lojistisien aliketi kwenye kiti cha wateja, nikamletea chai ya tangawizi, naye akachomoa bamba moja mfukoni mwa gile, akaliweka mezani polepole sana. Lilikuwa limepinda kidogo kama mgongo wa kobe, jeusi, limevikwa kitambaa chembamba kilichogandishwa kwa gundi. Mzee akaligusa. "Mbona jepesi hivi? Hii itazuia risasi au mvua?" Yule bwana akacheka, akainua kikombe changu cha chai. "Mzee, chuma ikipigwa inabonyea. Hii haijui kubonyea. Ndani iko kauri, ndugu wa hiki kikombe, ila hii imechomwa kwenye moto mkali kupita kiasi, ngumu kuliko chuma. Risasi ikifika pale, ncha yake inasagika. Lakini na yenyewe inavunjika. Ndiyo kazi yake, kuvunjika. Halafu nyuma huku," akageuza, "iko nyuzi zimepangwa tabaka juu ya tabaka na gundi, zinadaka vipande na ile risasi iliyokwisha nguvu." Mzee akauliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo mdomoni: "Na risasi ya pili?" Lojistisien akaweka kikombe chini. "Ya pili ikija palepale, Mzee, ni kuomba Mungu. Ikishapigwa hata mara moja, irudi depo, iletwe nyingine. Na msiitupe chini wala kuikalia, inaweza kupasuka ndani na nje ikabaki nzuri." Tangu siku ile mimi na Mzee tukaziita sahani, na jina likashika hadi kwa mashoferi. Maelezo hayakushika.

Haikupita muda Bahati akapigwa. Bahati alikuwa rafiki wa Kashindi, mfupi, mcheshi, mtu wa kucheza na goti lake bovu hadharani ili watu wacheke. Alikuwa anatoka Bukavu, karibu na Katogota ng'ombe wakafunga barabara, akapunguza mwendo, na risasi ikapita kioo ikamfika kifuani. Alirudi Uvira akiwa hai, kifua kimevilia damu, gile ina tundu dogo ambalo kidole changu cha mwisho kisingeingia. Mji mzima ulikwenda kuliona lile tundu. Wanawake walipiga vigelegele, mchungaji akaliombea, na Bahati akasimulia hadi sauti ikakauka. Ilitakiwa kuishia hapo, gile irudi depo. Lakini lojistisien alikuwa ameitwa Bukavu hakurudi tena, sahani ya kubadilisha ilikuwa imekwama Bujumbura mpaka umefungwa, na depo alibaki mtu mwenye funguo tu. Mashoferi wakaamua wenyewe.

Na mtu asiye wa huku atawacheka. Asiwacheke. Sisi tumekua tukiona wapiganaji wa milimani wanaorushiwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na dawa ile tunajua inavyopimwa: aliyerudi hai, dawa yake ni ya kweli, na wengine watamfuata huyohuyo awarushie. Dawa iliyoonja risasi ndiyo dawa. Basi vichwani mwa mashoferi gile ya Bahati haikuwa imechakaa, ilikuwa imethibitishwa. Zile nyingine, nzima kabisa, zikaonekana kama wanafunzi ambao hawajafanya mtihani. Wakaiita "ile iliyoonja." Wakakubaliana avae shoferi wa motokari ya mbele, kwa zamu, na wengine nyuma wakamfuata kwa moyo mkunjufu kabisa. Na kama dawa yoyote, ikapata miiko. Asiyevaa asiipitishe juu ya maji. Atakayeivaa asile majani. Asishikane mkono na mwanamke asubuhi ya safari. Tundu lisizibwe. Na mwanamke asiiguse, hasa mwenye mimba.

Mimi niliujua mwiko kwa sahani ya chakula. Nilikuwa nimepika sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, chakula anachokipenda, Kashindi akasogeza bakuli la sombe kwa kidole kimoja. "Sombe hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu zamu yangu ya ile gile. Jumatatu minye niko mbele."

"Kwani ile gile iko na miiko kama bibi ya mwami?" nikamwambia. "Kesho utaniambia imekataa na ugali."

Akacheka, akala ndagala kavukavu. Lakini mamamkwe, aliyekuwa ameketi mlangoni, hakucheka. "Muache mutoto wangu," akasema. "Kama iko kitu kinamulinda, weye usiingize mudomo." Wakati ule tulipendana, mimi na mamamkwe. Alikuwa akinisuka nywele Jumapili na kunilazimisha kula udongo wa mimba aliouchagua mwenyewe sokoni. Nikaosha vyombo, na mawazo yangu yote yapo kwenye kile kikombe cha chai cha lojistisien.

Ijumaa ile gile ikaletwa kwa Mzee Ramazani, mkanda wa bega umekatika. Bahati ndiye aliyeileta, kaibeba kwa mikono miwili. "Mzee, ushone weye mwenyewe. Faida asiiguse. Na tundu usilizibe." Mzee akaitikia, akaiweka mezani, na adhana ilipolia akachukua kofia yake. Mlangoni akasimama, akaniangalia na yale macho yake yaliyofifia, akasema, "Mimi nakwenda kuswali. Mkasi mkali uko kwenye droo." Hadi anakufa sikumuuliza alikusudia nini, na sikuwa na haja ya kumuuliza.

Niliivuta ile gile kwangu, ikalia. Ndani kulikuwa na sauti kama ya mtu anayetembea juu ya vigae vya chungu. Nikafumua mshono wa chini wa mfuko, nikaichomoa sahani, na kitambaa chake chembamba kikapasuka chenyewe mikononi mwangu, maana kilikuwa hakijashika kitu tena. Kauri yote ilikuwa imekwenda. Kutoka kwenye tundu nyufa zilikuwa zimetawanyika hadi kwenye kingo, vipande vingine vikubwa kama kucha, vingine vimekuwa unga wa kijivu kama unga wa muhogo, ukamwagika juu ya meza ya Mzee. Nyuma, zile tabaka za nyuzi zilikuwa zimevimba kama jipu pale zilipoidaka risasi ya Bahati. Ilikuwa imefanya kazi yake yote, ikaimaliza. Mtoto tumboni akageuka. Halafu nikamtuma msichana wa jirani akamwite Kashindi, amwambie chakula kimefika.

Alikuja anatabasamu, akaona meza. "Weye mwanamuke, umefanya nini?"

"Tazama kwanza. Utanipiga baadaye."

Alitazama. Akachota vipande kwenye kiganja, kimoja kikamkata kidole, akakaa anaiangalia ile damu ndogo. Kashindi hakuwa mjinga, na hili nataka lieleweke. Yule lojistisien alikuwa amewaeleza na wao, Kifaransa kwa Kiswahili. Ila mtu akiwa kwenye ile njia anahitaji kitu cha kushika, na akikipata hakiulizi maswali. "Ungeniacha," akaniambia, si kwa hasira. "Ningeenda vizuri. Sasa nitaendaje?"

"Usiende. Sema unaumwa. Sema bibi yako anaumwa, minye nitalala chini hapa hapa niugue."

"Luberizi kolera imewamaliza. Serumu za kuwatundikia ziko kwenye depo yetu, watoto wako kwenye mikeka kule. Minye nikikataa, zamu ni ya Bahati, na goti lake linajulikana."

"Vaa nyingine basi!"

"Nyingine ziko na wenyewe, na yangu minye nimemupa Bahati. Nimuvue nani?" Akafuta kidole kwenye suruali. "Na wakijua hii imekufa, hakuna atakayewasha motokari. Faida, irudishe. Shona."

Nilimpigia magoti. Siuoni aibu kusema. Nilimshika miguu katikati ya mabaki ya vitambaa, nikamwambia mtoto wake hajui hata sauti yake. Aliniinua, akanipangusa vumbi la kauri magotini kwa mikono yake, akasema tena, taratibu, kama anayemwomba mtu maji, "Shona." Nikashona. Nikakusanya vipande kimoja kimoja nikavipanga upya ndani ya kitambaa, nikavizungushia pamba ili visilie, nikarudisha sahani mfukoni, nikafunga mshono. Uzi wa kijivu ulikuwa umekwisha tangu Jumatano, kwa hiyo nikatumia mweusi. Nilishona vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushona. Mzee aliporudi msikitini alipitisha kidole kwenye mshono, akakaa kwenye cherehani yake, akashona mkanda wa bega, na mwishowe akasema, "Wakiuliza, yote nimeshona mimi."

Jumatatu asubuhi nilikwenda hadi kwenye lango la depo, jambo ambalo wake wa mashoferi hawakulifanya. Motokari zilikuwa tatu, zimejaa makasha ya serumu. Mashoferi wanne walikuwa wamesimama kando, Bahati akiwa kama msaidizi kwenye motokari ya mwisho, anachechemea kuliko siku zote. Kashindi alikuwa amekwisha kuvaa. Niliogopa kusogea, kwa ajili ya miiko yao, lakini yeye ndiye aliyekuja, akanishika mkono mbele ya wote, mkono wangu wa kulia katika mkono wake wa kulia, akaukawiza. Kiganja chake kilikuwa na jasho. Nikasikia mmoja anaguna nyuma yake. "Leo upike sombe," Kashindi akaniambia. "Nyingi." Akapanda.

Walipita Runingu salama. Mbele, kwenye mashamba ya mpunga kabla ya kufika Luberizi, walipigiwa kutoka kwenye mfereji. Yule aliyepiga alikuwa mpigaji mzuri, au Shetani alimwelekeza mkono, maana ile risasi ilimfika Kashindi kifuani upande uleule wa tundu. Motokari ya pili ilipita pembeni yake ikafika. Serumu zilifika. Watoto wengine wa Luberizi wa siku ile leo ni watu wazima, wanalima mpunga palepale, na kwa hilo sina neno. Mume wangu waliniletea alasiri, sombe iko motoni.

Kilio tulikiweka nyumbani kwa mamamkwe, Kavimvira. Wanaume walikaa kwenye viti vya kukodi, wanawake chini, na mimi nilikuwa ndani nimelazwa kwenye mkeka, dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Sauti ya kwanza ilisema mkanda ulikatika, labda hiyo ndiyo ilikuwa dalili. Ya pili ikasema, "Mkanda nini? Mshono wa chini ulikuwa na uzi mweusi. Ilifunguliwa." Mzee Ramazani akasema ni yeye. Wakamnyamazia kwa heshima, halafu mmoja akasema, chini kwa chini, kwamba Mzee haoni hata kutunga uzi, mshono mzuri namna ile ni mkono wa mtu mwenye macho. "Mwanamuke mwenye mimba ameigusa. Na asubuhi akamushika mukono." Hapo nikatoka. Nilitoka bila kitambaa kichwani, nikapiga kelele pale uani kwamba sahani ilikuwa imekufa tangu Katogota, ilivunjikia kifuani kwa Bahati, ilimwokoa mara moja na haikuwa na mara ya pili, ifungueni muone! Nani afungue? Imekwisha kupigwa mara ya pili, ingeonyesha nini zaidi ya kuvunjika? Mzee Ramazani ndiye aliyeiokota akaondoka nayo. Mwanamke mmoja akasema, "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Bahati alikuwa ameketi karibu na mlango. Nilimwita kwa jina. "Bahati, sema! Kifua ni chako!" Akainamisha kichwa, akachora chini kwa kijiti.

Nikampelekea mamamkwe maji, maana alikuwa amelia hadi midomo imekauka. Alikipokea kikombe, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi, akamwaga maji yote chini. "Mukononi mwako sitakunywa tena," akasema. Na kweli hakunywa. Tumeishi ua mmoja miaka yote hii, nimemzalia mjukuu pale pale, nimemfulia, nimembeba mgongoni kwenda kituo cha afya wakati wa malaria, na maji alipokea kwa mkono wa mwanangu tu, na baadaye kwa mkono wa mke wa mwanangu. Jina langu hakulitamka. "Mwambieni mama yenu mlango uko wazi." "Mwambieni mama yenu kuku wameingia kwenye unga." Watu waliniambia niolewe, nihamie Bujumbura, nimwachie uchungu wake. Nilikaa. Kwa ukaidi, nadhani. Nilitaka siku moja aniombe radhi, na mtu akiondoka anaombwaje radhi?

Basi nimekaa pale Mulongwe na ile sahani mapajani, kivuli kikasimama mbele yangu. Bahati. Amekuwa mzee kabla ya wakati, meno ya mbele hayapo. Alitazama kile kitambaa cha kanzu, akajua. Akachuchumaa. Nikaona alivyochuchumaa, magoti yote mawili yamekunjika sawasawa, bila shida.

"Goti limepona lini?" nikamuuliza, maana mimi sina adabu ya kumpa mtu nafasi ya kujiandaa.

"Mama Kashindi," akasema, "minye goti halijawahi kuuma. Lilikuwa la kuchekesha watu tu, na tangu Katogota nikajificha nyuma yake, niliogopa." "Bwana yako alituambia. Asubuhi ile, kwenye bariere ya Kavimvira, askari wanaangalia karatasi. Alituita wote. Akasema, 'Ndugu zangu, bibi yangu ameifungua hii kitu, imekufa, ndani ni unga. Sitaki munifuate kwa uongo. Anayetaka kurudi arudi.' Tukaangalia chini. Hakuna aliyerudi, na hakuna aliyesema nitatangulia. Halafu mumoja akasema, 'Lakini zamu ni yako.' Akatuangalia, akapanda motokari." Akafunika uso. "Ni minye niliyesema. Kwenye kilio, walipoanza maneno ya uzi mweusi, tuliona afazali iwe hivyo."

Hasira ya miaka yote ilinipanda, na pamoja nayo kitu kingine kibaya zaidi, maana nilimwona Kashindi pale bariere, anawatazama mmoja mmoja, anasubiri, na hakuna. Nilidhani nimemwona katika upweke wake wote siku ile ya Ijumaa. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa bado. Nilitaka kumpiga Bahati na ile sahani kichwani, na ningempiga kama tusingekuwa kilioni. Badala yake nikamshika shati. "Simama. Twende ukamwambie mama yake."

"Mama Kashindi, nihurumie, yule ni mzee sasa..."

"Twende!"

Tulimkuta mamamkwe kizingitini, ungo uko mapajani, anachambua ndagala. Bahati alisema yote, amepiga yale magoti yake mazima kwenye vumbi. Niliweka sahani mbele yake nikaifungua, akatumbukiza vidole vyake vikavu kwenye vile vigae, akavigeuza kama anavyogeuza ndagala. Kuku wakaanza kudokoa ungo na hakuwafukuza. Halafu akauliza, "Kwa hiyo alienda akijua?"

"Alijua, mama," Bahati akasema.

"Minye nilikuwa najiambiaka, afazali mutoto wangu alikufa akiamini." Na hapo akalia, kilio kipya kabisa, kama vile wamemleta alasiri hii. Alilia akimwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu nikiwa msichana, na nilipokuwa nayo mkononi ningemrudishia Bahati aende nayo. Sikujua kwamba mama yule alikuwa na kitu chake kimoja cha kushika, na nimekuja nimekivunja mbele ya macho yake. Nikaketi karibu naye chini. Sikumgusa, maana sikujua kama inaruhusiwa. Bahati aliondoka wakati fulani, hakuna aliyemuaga.

Jua lilipofika nyuma ya milima nikasikia anasema, kwa sauti iliyokwisha, "Faida."

Niligeuka kuangalia kama kuna Faida mwingine.

"Maji."

Niliinuka mbiombio kama bibi harusi, nikachota mtungini, nikakileta kikombe kwa mikono miwili, kimejaa hadi maji yakanimwagikia vidoleni. Alikipokea. Akanywa kidogo, akakinusa, akakunja uso.

"Hiki kikombe kinanuka sabuni," akasema. "Mupaka leo hujajua kusuuza vyombo."

Akanywa yaliyobaki yote.